Parsinipu: namna ya kuilima, na namna ya kuwatambua ndugu zake wa porini

Mbegu ya parsinipu ina vituko viwili. Ukiipanda, hukaa ardhini wiki mbili, tatu, wakati mwingine nne, bila kuonyesha dalili yoyote ya uhai. Ukiiweka kabatini, hufa mapema kuliko karibu mbegu zote za mboga. Wengi wanaolalamika kwamba parsinipu haioti walipanda mbegu iliyokwisha kufa, au walikata tamaa siku ya kumi na tano wakalima juu yake. Mimi nilifanya yote mawili kabla sijaelewa.

Kwa asiyeifahamu: parsinipu, kisayansi Pastinaca sativa, ni mzizi wa rangi ya krimu, wenye umbo la karoti iliyonenepa mabegani na utamu wenye harufu ya viungo. Ulaya waliutegemea sana kabla viazi na sukari ya miwa havijaenea. Ukoo wake ni Apiaceae, ule wa karoti, seleri, giligilani, shamari na bizari nyembamba. Ni ukoo wa jikoni, lakini wauaji nao wamo. Hemloki iliyomuua Socrates mwaka 399 KK ni ya ukoo huo huo, na mimea ya namna hiyo hupenda kujiotea pembezoni mwa mashamba ikiwa na sura inayofanana na mboga. Isitoshe, parsinipu yenyewe ikiachwa izeeke hutoa utomvu unaounguza ngozi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na jembe na kuishia na glavu.

Hatua ya 1: Elewa maisha yake

Parsinipu huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani yaliyokaa chini na kujaza akiba ya chakula kwenye mzizi. Ikishapitia wiki kadhaa za baridi, huitumia akiba hiyo kusimamisha shina, kuchanua na kuzaa, kisha hufa. Wewe unavuna kabla ya shina. Shina likishaanza kupanda, mzizi hukakamaa kama kuni na haufai tena.

Ni zao la ubaridi. Hukua vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Penye majira ya baridi kali, hupandwa majira ya kuchipua, udongo ukishafika nyuzi 8 hadi 10. Ukiharakisha, mbegu italala kwenye tope na kuoza. Penye joto mwaka mzima, tafuta sehemu za miinuko na upande mwanzoni mwa kipindi cha ubaridi, maana udongo ukizidi nyuzi 25 au zaidi mbegu nyingi hugoma. Tangu kupanda hadi kuvuna ni miezi minne kwa uchache, na mara nyingi ni mitano au sita.

Hatua ya 2: Udongo

Mzizi huu hushuka wima, na chochote unachokikuta njiani hukujibu wakati wa kuvuna. Jiwe huugawanya miguu miwili. Bonge gumu huupinda. Kwa hiyo tifua hadi sentimita 40, toa mawe na mizizi ya zamani, kisha sawazisha kwa reki. Usitie samadi mbichi. Nitrojeni ikizidi hukuza majani, nao mzizi hubaki mwembamba au wenye matawi. Tumia kitalu kilichotiwa samadi au mboji msimu uliopita kwa zao jingine, hicho kinatosha.

Udongo usiwe na tindikali nyingi. Kipimo cha pH kati ya 6.5 na 7 ndicho kizuri, na kama kiko chini sana, chokaa itiwe mapema, wiki kadhaa kabla ya mbegu.

Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito au umejaa changarawe, kuna mbinu ya wakulima wa maonyesho inayofaa hata kwa mtu wa kawaida. Chukua mtaimbo, upige ardhini hadi sentimita 50 au 60, kisha uuzungushe mpaka shimo liwe pana juu na jembamba chini, kama faneli. Lijaze mchanga uliochanganywa na udongo uliochekechwa na mboji iliyoiva. Panda juu yake mbegu tatu. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi, lakini mashimo ishirini hukupa mizizi ishirini iliyonyooka mahali ambapo usingepata hata mmoja.

Hatua ya 3: Mbegu

Nunua mbegu mpya kila mwaka, na uangalie tarehe. Paketi iliyofunguliwa mwaka jana usiiamini. Ukiwa na shaka, tandaza mbegu kumi kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, funga ndani ya kopo mahali pa uvuguvugu, chungulia kila siku. Zikitoka nne au tano ndani ya wiki mbili, panda kwa wingi zaidi. Zikitoka mbili, tupa.

Jaribio hilo hilo ndilo njia bora ya kupanda. Mbegu ikishatoa ncha nyeupe ya mzizi, ichukue kwa kibanio au ncha ya kijiti chenye maji na uiweke moja kwa moja kitaluni. Ncha isizidi milimita chache, la sivyo itavunjika. Kwa njia hii unakwepa wiki zile za kukodolea macho udongo mtupu.

Kuhusu aina: Tender and True hutoa mizizi mirefu, Hollow Crown ni ya zamani na bado inapendwa, Gladiator ni chotara inayostahimili ugonjwa wa madonda, na Avonresister ni ndogo, inafaa mahali penye nafasi finyu. Kama udongo wako ni wa kina kifupi, usijitese kwa aina ndefu.

Mbegu ni bapa, nyepesi kama ganda la kitunguu, na ina mabawa. Siku ya upepo iache. Chora mfereji wa kina cha sentimita 1 hadi 1.5, umwagie maji kwanza, kisha weka mbegu tatu tatu kila baada ya sentimita 15, au sentimita 10 kama unataka mizizi midogo. Mistari iachane sentimita 30. Funika kwa mboji iliyochekechwa au mchanga badala ya udongo unaoganda, kwa sababu mche wa parsinipu hauna nguvu ya kupasua ukoko.

Baada ya hapo udongo usikauke hata siku moja. Wengine hufunika mstari kwa gunia lenye unyevu au ubao. Ni sawa, mradi uinue kila siku kuanzia siku ya kumi na uondoe mara tu shina la kwanza linapoonekana. Katikati ya vituo vya parsinipu, yaani pale ulipoweka mbegu tatu tatu, panda mbegu chache za figili. Hizo huota ndani ya siku chache, hukuonyesha mstari ulipo, huvunja ukoko, na huvunwa kabla mwenyeji hajahitaji nafasi.

Usioteshe miche mahali pengine ili uihamishe baadaye. Mzizi mkuu ukikatika ncha, huzaa matawi. Ukilazimika, tumia bomba la karatasi gumu linalooza, na ulizike lote kabla mzizi haujafika chini.

Hatua ya 4: Mstari ulionyooka ndio kitambulisho chako

Nyoosha mstari kwa kamba, weka vigingi pande zote mbili, na uandike kibao. Hili si suala la urembo. Kati ya wiki ya tatu na ya nane bustani hujaa vichipukizi, na baadhi yao ni ndugu wa parsinipu walioletwa na upepo, maji au mboji. Kilichomo kwenye kituo, ndani ya mstari, ndicho ulichopanda. Kilicho nje ya mstari ni mgeni hadi kithibitike vinginevyo, hata kikifanana vipi.

Mche wa parsinipu huanza na majani mawili marefu membamba kama utepe. Jani la kwanza la kweli ni la duara, lenye meno pembeni na mipasuko mifupi, kama feni ndogo. Halichanikichaniki. Karoti, karoti pori na hemloki, zote hutoa jani la kwanza lililochanika kama unyoya au jani dogo la kangaga. Tofauti hii inaonekana mapema, na ukishaizoea jicho halidanganyiki kirahisi.

Hatua ya 5: Matunzo

Miche ikifika sentimita 5, bakiza mmoja kila kituo. Usiing'oe iliyozidi, ikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Kung'oa hutikisa mzizi wa jirani, na harufu ya majani yaliyovunjika humwita nzi wa karoti.

Palizi ifanywe kwa mkono karibu na mmea. Jembe likiugusa mzizi begani, hapo ndipo ugonjwa unapoingilia. Mwagilia kwa kiasi kile kile wiki zote, hasa kwenye ukavu, maana mzizi uliokaa kwenye ukavu kisha ukapata mvua kubwa hupasuka. Mbolea ya ziada si lazima.

Hatua ya 6: Madonda na nzi

Ugonjwa mkuu ni madonda ya kahawia, ya rangi ya chungwa au meusi yanayoanzia begani mwa mzizi. Husababishwa na kuvu kadhaa, mojawapo ikiwa Itersonilia. Hakuna dawa ya kumwagia ikapona. Unazuia kwa aina zinazostahimili, udongo usio na tindikali, maji kupita vizuri, kutojeruhi mzizi, na kusogeza udongo kidogo ufunike mabega. Ukipanda kwa kuchelewa kidogo na kwa kusongamanisha, mizizi huwa midogo na hupata madonda machache. Sehemu yenye donda ikatwe na kutupwa, isipikwe. Mzizi ulioshambuliwa huongeza kemikali za kujilinda ambazo nitazieleza baadaye, na moto wa jikoni hauziondoi vya kutosha.

Nzi wa karoti, Chamaepsila rosae, hutaga karibu na shina, na mabuu yake huchimba vijia vya rangi ya kutu. Huruka chini chini. Ua wa wavu laini wa urefu wa sentimita 60 au zaidi humzuia wengi wao, lakini wavu uliofunika kitalu chote ni bora. Zungusha mazao: usirudishe mmea wa ukoo huu mahali pale pale kabla ya miaka mitatu.

Hatua ya 7: Kuvuna

Majani yakianza kunyauka, chimba mmoja uangalie. Ingiza uma wa bustani pembeni, ulegeze udongo hadi chini, ndipo uinue. Ukivuta kwa majani utabaki na majani.

Utamu huletwa na baridi. Joto likishuka karibu na sifuri, mzizi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, ndiyo maana penye barafu watu huiacha ardhini hadi theluji ya kwanza ipite. Ambako barafu haifiki, friji inafanya kazi hiyo. Kata majani, usioshe, weka mizizi kwenye mfuko wenye matundu madogo kwenye sehemu ya baridi zaidi, nyuzi 0 hadi 1, kwa muda wa wiki mbili. Onja kabla na baada. Tofauti si ya kuambiwa. Kwa akiba ya miezi, ipange kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa baridi na giza.

Hatua ya 8: Mwaka wa pili

Ukitaka mbegu, acha mizizi kadhaa iliyo bora. Itapanda hadi mita moja na nusu au mbili, na maua yake ya njano yatajaa nzi wa maua na nyigu wadogo wanaoua wadudu waharibifu. Mbegu nzuri hutoka kwenye mwavuli mkuu wa katikati. Ile ya pembeni ni hafifu. Kata ikiwa kahawia, kabla haijapeperuka. Hakikisha hakuna parsinipu pori inayochanua karibu, kwa sababu zitachavushana.

Hapa ndipo pa kuvaa glavu. Shina, majani na hasa matunda mabichi yana furanokumarini, zile kemikali za kujilinda nilizozitaja kwenye Hatua ya 6. Utomvu ukigusa ngozi peke yake hausikii kitu, na hilo ndilo linalowaponza watu. Mwanga wa jua, miale ile ya UVA, huziamsha kemikali hizo, nazo hushambulia chembe za ngozi. Wekundu huanza baada ya kama siku moja, malengelenge hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na madoa meusi yanaweza kubaki miezi. Si mzio, haichagui mtu, na jasho huzidisha. Kiwavi wa nondo Depressaria radiella amezoea sumu hii kiasi kwamba hujisokotea nyuzi ndani ya maua na kula mbegu changa kwa raha zake. Na Misri, mmea mwingine wa ukoo huu, Ammi majus, ulitumika tangu zamani pamoja na jua kurudisha rangi kwenye mabaka meupe ya ngozi, kwa kemikali hizi hizi. Dawa na jeraha vimetenganishwa na kipimo tu.

Hatua ya 9: Kuwatambua ndugu

Wa kwanza ni parsinipu pori. Hii si binamu, ni spishi ile ile. Katika miaka ya 1840 James Buckman, huko Cirencester nchini Uingereza, alichukua mbegu za porini, akachagua mizizi minene kizazi baada ya kizazi, na matokeo yakauzwa kwa jina The Student, aina ambayo bado inapatikana. Safari ya kurudi nayo ipo: parsinipu pori ya Marekani ilitokana na mbegu walizokwenda nazo walowezi wa Ulaya. Itambue kwa maua ya njano yaliyopangwa kama mwavuli bapa, shina la kijani lenye mifereji, na jani lenye jozi za vijani vipana vyenye meno, vilivyokaa pande mbili za ung'ong'o mmoja na kimoja kwenye ncha.

Shamari nayo ina maua ya njano, ila majani yake ni nyuzi tupu na harufu yake ni ya anisi.

Wenye maua meupe ndio wa kuchunguzwa zaidi. Karoti pori ina shina lenye vinyweleo, vijani vilivyochanika chini ya mwavuli, na mara nyingi ua moja dogo la zambarau iliyokoza katikati. Mwavuli ukizeeka hujikunja kama kiota. Hemloki, Conium maculatum, ni kinyume: shina laini lisilo na unywele hata mmoja, lenye madoadoa ya zambarau, na majani kama ya kangaga. Likipondwa hunuka kama mkojo wa panya. Sumu yake, koniini, hupooza misuli, ikiwamo ya kupumulia. Mzizi wake ni mmoja, mweupe, na umewahi kudhaniwa kuwa parsinipu.

Penye maji kuna wabaya zaidi. Oenanthe crocata ya magharibi mwa Ulaya ina majani kama ya seleri na kichala cha mizizi minene iliyopauka, kama vidole, inayotoa maji ya manjano ikikatwa. Cicuta ina kitako cha shina kilichogawanyika vyumba vyumba ndani. Zote mbili huleta degedege, na kipande kidogo kinatosha kuua.

Wa mwisho ni jitu, Heracleum mantegazzianum, lenye asili ya Caucasus: hadi mita tano, maua meupe, shina lenye madoa ya zambarau na manyoya magumu. Huunguza kama parsinipu, ila vibaya zaidi.

Sasa kumbuka jambo ambalo vitabu vya picha hulipita haraka. Mizizi huchimbwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza hakuna ua. Rangi ya njano au nyeupe haitakusaidia siku unayoshika uma. Kwa hiyo usichimbe mzizi wa kula nje ya mstari ulioupanda, na usionje ili kujua. Kama mtu amekula mzizi usiojulikana, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, na kipande cha mmea kiende naye.

Hatua ya 10: Kuwaondoa

Fanya kazi siku ya mawingu au jioni, ukiwa na mikono mirefu, suruali, glavu zisizopitisha maji na miwani. Kwa parsinipu pori, kata mzizi kwa beleshi sentimita 5 chini ya ardhi kabla mbegu hazijakomaa. Mmea uliokatwa hivyo hauchipui tena. Mashine ya kufyekea kwa kamba usiitumie, kwani hurusha utomvu hadi usoni. Vichwa vyenye mbegu vitie kwenye mfuko, visiende kwenye mboji. Rudi kukagua miaka minne mfululizo, maana mbegu zilizobaki ardhini huota kwa zamu.

Ukiguswa na utomvu, osha hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha funika ngozi isipate jua kwa saa 48. Malengelenge yasipasuliwe. Macho yakiguswa, au jeraha likiwa pana, muone daktari.

Ukimaliza, osha beleshi na mkasi kwa sabuni ungali umevaa glavu, kisha osha glavu zenyewe zikiwa mkononi. Zivue mwisho, kwa kuzigeuza ndani nje, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.